Barua Iliyojadiliwa Siku Tisa

Wenye watoto sogeeni, na wasio nao wasiende mbali, maana kiu haimchagui mtu.

Bonde la Ibondo lilikuwa na mto mmoja tu, Luhala, unaoshuka kutoka nchi ya Jirani Mkuu. Nchi hiyo ni kongwe kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, watu wake ni wengi, na imezungushiwa ukuta ambao mwisho wake hakuna aliyeuona. Wanajenga haraka huko. Wakikutana kuamua jambo, mikono yote huinuka kwa pamoja. Na maandishi yao hushuka kutoka juu kwenda chini, kama mvua isiyo na upepo.

Siku moja akaja tarishi wa Jirani, asiyejua hata neno moja la bondeni. Akatoa barua kwa mikono miwili, akainama, akaenda zake. Ilikuwa na mistari mitano na muhuri mwekundu. Watu wakaigeuza juu chini, wakainusa, kila mmoja akamkabidhi mwenzake.

"Lakini mtoto wa Kalunde si yuko Maelezoni?" mmoja akasema. "Mwaka wa saba huu anamsoma Jirani. Barua hii ni kazi ya Nyamizi."

Kalunde alikuwa mwanamke wa darasa la saba, msomaji wa polepole, anayepitisha kidole chini ya kila neno asije akaliruka. Akaifunga barua kwenye kitenge akaondoka. Mtama ulikuwa ndiyo kwanza unachanua. Lo, angejua mtama ule ulikuwa na maana gani, angekimbia njia nzima.

Maelezoni ni nchi ndogo iliyojibanza kwenye ukuta wa Jirani kama kinda chini ya bawa. Ukumbi wao mkubwa hauna hata ukuta wa nyuma. Waliona ukuta wa Jirani unatosha, wakaegemeza paa hapo, wakaokoa matofali. Wenyeji hawalimi wala hawafugi. Kazi yao ni moja: kumjadili Jirani. Anafikiri nini, anaogopa nini, nani amegombana na nani katika kasri lake, na kesho atamfanyia nini jirani yupi. Wanakutana asubuhi, wanapumzika kunywa chai, wanakutana tena.

Mlangoni alimkuta Msajili, Bwana Kadelya, mtu mpole mwenye kamba nyingi za beji mkononi.

"Karibu sana, mama. Benchi gani?"

"Benchi la nini, baba? Mimi nimekuja na barua."

"Ndiyo, lakini kila anayeingia ana benchi. Kulia ni Benchi la Hofu, wanaosema Jirani atatumeza. Kushoto ni Benchi la Tumaini, wanaosema Jirani atatushibisha. Sasa wewe umesimama wapi?"

"Nimesimama mlangoni."

Bwana Kadelya alifikiri, akafungua kitabu, akakifunga. Akamvisha beji iliyoandikwa MTAZAMAJI. Akamweleza kwamba mtazamaji anaruhusiwa kusikiliza, kupiga makofi na kunywa chai. Haulizi, hajibu. Kisha akaipokea barua kama anayepokea mtoto mchanga, akaiweka ndani ya sanduku la kioo katikati ya ukumbi.

"Nisomeeni basi nirudi," Kalunde akasema.

"Kusoma?" Msajili akatabasamu kwa huruma. "Mama, barua hii itafanyiwa kongamano."

Na kongamano haliitishwi kama ngoma ya mavuno. Mwezi mzima ulipita wakitafuta mada kuu, wakishona mabango, wakialikana, wale wa kulia wakilalamika kwamba wa kushoto wamepewa viti vya karibu na mlango wa chai. Kalunde akangoja. Alilala kwa Bi Nshoma, mpishi wa chai, na mchana alimsaidia kusugua masufuria. Bintiye alimwona mara chache. Nyamizi alikuwa amekonda. Alikuwa bado anakaa kwenye kigoda, maana Maelezoni wachanga hukaa kwenye vigoda na wakubwa kwenye viti vyenye mgongo. Kutoka kigodani kwenda kitini kunataka mada moja tu iliyopigiwa makofi na mabenchi yote mawili, na jambo hilo lilikuwa halijatokea kwa miaka kumi na tisa.

"Safari hii nimepewa zamu, mama," Nyamizi akamwambia, macho yakimng'aa. "Siku ya tisa, ya mwisho kabisa, baada ya chakula. Mada yangu inaitwa 'Ukimya Ndani ya Mistari Mitano'. Nikifanikiwa nakaa kitini."

"Na barua inasemaje?"

"Mama. Taratibu."

Hapo ndipo Kalunde alipoingiwa na wasiwasi, ule wa mama ambaye mtoto amemwambia hajambo huku ameficha mkono nyuma. Lakini alirudi kwenye masufuria yake. Alijiambia, hawa wamesoma.

Siku ya kwanza ikapita kwenye karatasi ya barua. Mwenyekiti alikuwa Profesa Rwegoshora, kichwa cha Benchi la Hofu, mwenye sauti nzito na miwani anayoivua kila anapotaka kusema neno la kutisha. Akaivua.

"Karatasi hii ni nene," akasema. "Mtu hamwandikii jirani kwenye karatasi nene ila ana nia ya kumtawala."

Ukumbi ukaguna. Daktari Masalu wa Benchi la Tumaini akainuka, kijana wa miaka hamsini mwenye tabasamu lisilochoka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nene ndiyo heshima yenyewe! Mgeni wako ukimpa chai, unampa kikombe kilichovunjika?"

"Hilo si swali, Daktari."

"Hapana, ni maoni yenye umbo la swali."

Siku ya pili walishinda kwenye muhuri. Ulikuwa umepinda kidogo. Upande wa kulia walisema aliyeugonga alikuwa amegombana na mkubwa wake, kwa hiyo kasri linatikisika, na kasri likitikisika hupiga walio nje. Upande wa kushoto walisema ni unyenyekevu. Mzee mmoja alileta picha ya sherehe ya Jirani ya miaka mingi nyuma, akapima kwa rula umbali kati ya waheshimiwa waliosimama kwenye jukwaa, akathibitisha kwamba wa tatu kutoka kushoto hayupo tena. Hakuna aliyemuuliza hayo yanahusianaje na barua. Walimpigia makofi. Kalunde naye akapiga, maana ndiyo ruhusa aliyokuwa nayo.

Wakati wa chai alimfuata Bwana Kadelya. "Samahani baba, hivi humu ndani hakuna hata mmoja anayejua kusoma maandishi yale?"

Msajili akatazama nyuma, akapunguza sauti. "Mama yangu, neno hilo lisikutoke ukumbini. Sheria yetu ya tatu: aliyejifunza lugha ya Jirani ameshamwegemea, na aliyeegemea hana uzito. Wa kuvuka ukuta ndiyo kabisa, huyo anakaa kimya miaka saba hadi macho yake yasahau aliyoyaona. Tunachunga usawa."

"Kwa hiyo daktari wenu akitaka kujua kama mtoto ana homa, asimguse?"

"Akimgusa ataona huruma," Bwana Kadelya akajibu, na wala hakuwa anatania.

Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Wakafika kwenye wino. Kalunde alikuwa amekaa nyuma, na kwa kukosa kazi alikuwa anamtazama mwanawe. Nyamizi alikuwa kwenye zamu ya kulinda sanduku la kioo. Ukumbi ulikuwa unabishana, yeye ameinamia barua, na midomo yake inacheza.

Kalunde akainua shingo.

Aliijua midomo ile. Nyamizi alijifunza kusoma jikoni kwake, kabla ya kuanza shule, akisoma maandishi ya kwenye mche wa sabuni na pakiti za chumvi. Kila mwalimu alimkanya asichezeshe midomo. Hakuacha. Mtoto yule hakuwahi kuchezesha midomo kwa kitu asichokisoma.

Siku ya sita, chai ilipoandaliwa, Kalunde alimshika bintiye mkono akamwingiza jikoni kwa Bi Nshoma.

"Unaisoma."

"Mama, nini tena?"

"Midomo yako, Nyamizi. Nimekuzaa mimi."

Nyamizi akamtazama Bi Nshoma. Bi Nshoma akaendelea kumimina. "Mimi usinitazame, mwanangu. Huku jikoni hatuna mada, tuna masufuria."

Basi binti akakaa juu ya kreti. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka wake wa kwanza alipangiwa kazi ya chai. Masanduku ya chai yana maandishi ya Jirani pande zote: namna ya kuichemsha, mlima ilikotoka, onyo la kuiweka mbali na unyevu. Akaanza kulinganisha neno na kitu, sanduku hadi sanduku. Miaka saba ni masanduku mengi. Hakuna anayejua.

"Barua inasemaje?"

"Inaweza kueleweka kama..."

"Sikuuliza inaweza kueleweka kama nini."

"Mama, kuna muktadha, kuna..."

"Nyamizi binti yangu. Nikikutuma dukani ukute pameandikwa LEO TUMEFUNGA, utarudi kuniambia kuna muktadha?"

Nyamizi akafumba macho, akaisoma kwa kichwa, mistari yote mitano. "Kwa watu wa bondeni. Tunachimba mifereji miwili kuyachepusha maji ya Luhala yaje kwenye mashamba yetu. Kama jambo hili linawadhuru, tuambieni kabla mtama haujakatwa. Tusiposikia neno kwenu, tutajua mmeridhia. Salamu."

Sufuria likachemka likamwagikia jiko. Hakuna aliyelitoa.

"Huo ndio ujumbe wote?" Kalunde akauliza.

"Huo ndio wote."

"Umeujua tangu lini?"

"Tangu Msajili alipoiweka kwenye kioo."

"Mwezi na siku sita."

"Nilikuwa naisubiri zamu yangu, mama. Nilisema siku ya tisa nitalisema lile jambo kwa namna ambayo... kwa namna ya mada, wasijue nimesoma, ila waelewe. Nikisema kabla ya zamu, na nikisema nimesoma, miaka saba imekwenda na maji."

Akalisikia neno alilolisema. Akaweka mkono mdomoni.

Kalunde hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu. Mtama ulikuwa umechanua alipotoka. Mwezi wa kungoja, na siku hizi, na njia. Kwao sasa watu wananoa visu vya kukatia mtama. Akilini alimwona mama mkwe wake akishuka na ndoo kwenye mawe meupe ya kuchotea maji ya Luhala, na wajukuu nyuma yake. Akafunga kitenge vizuri kiunoni.

"Naingia humo ndani nikawaambie."

"Watakutoa, mama. Wewe ni mtazamaji."

"Watanitoa nikiwa nimeshasema."

Akaanza kwenda. Lakini alipofika mlango wa ukumbi alisikia hatua nyuma yake, na Nyamizi akampita. Hakuomba kipaza sauti. Alisimama karibu na kioo, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaisoma barua kwa lugha ya Jirani, kisha kwa lugha ya watu wote.

Kila kichwa kikageukia kioo, na jikoni maji yakasikika yakitona. Kalunde akadhani sasa watainuka, sasa watakimbia.

Profesa Rwegoshora akavua miwani. "Tunamshukuru binti kwa mchango wake. Nina tatizo moja la mbinu. Kama barua inasema jambo jepesi kiasi hicho, ya nini kuiandika kwenye karatasi nene?"

"Naunga mkono," akasema Daktari Masalu, na watu wakageuka kumtazama. "Usomaji huu ni wa juujuu mno. Unachukulia kwamba Jirani akiandika mfereji, anamaanisha mfereji."

Minong'ono ikapita ukumbini, maana wakubwa wa mabenchi mawili walikuwa wamekubaliana. Wengine walitoa vitambaa kujifuta macho. Mmoja akapendekeza iundwe kamati ya kuchunguza dhana ya mtama: je, ni mtama wa Ibondo au mtama wa Jirani, na kukatwa ni tendo au mchakato?

"Watu wanakunywa mto ule!" Kalunde akapaza sauti.

"Mtazamaji," akasema Mwenyekiti, bila ukali wowote, "kuna muda wa makofi."

Bwana Kadelya akaja na mkasi mdogo. Akamwomba Nyamizi radhi, akakata kamba ya beji yake. Kigoda kikaondolewa. Barua ilibaki palepale kwenye kioo, maana ilikuwa sasa mali ya kongamano, na siku ya saba, ya nane na ya tisa zilikuwa zimeshapangiwa wasemaji.

Mama na mwana wakarudi jikoni. Nyamizi alilia kidogo, kisha akaacha, akaanza kukusanya vikombe kama zamani.

"Twende nyumbani," akasema. "Tukafike tuwaambie."

"Tukawaambie nini? Kwamba walikuwa na nafasi ya kusema hapana?" Kalunde alikuwa anatazama masanduku ya chai yaliyopangwa hadi dari. "Bi Nshoma, hii chai inaingiaje humu?"

"Inaingia dirishani."

"Dirisha gani?"

Bi Nshoma akasogeza gunia. Nyuma yake, kwenye ukuta wenyewe wa Jirani, kulikuwa na kidirisha cha chuma kisichozidi upana wa sinia. "Kila asubuhi mkono unatoa sanduku, mimi narudisha tupu. Mwaka wa ishirini sasa. Uso wake siujui, lakini mkono naujua, una kovu kwenye kidole gumba."

"Na hamjawahi kuongea?"

"Na nani? Mimi sina benchi."

Kalunde akageuka akamtazama mwanawe.  Walikuwa watu mia tatu pale ukumbini wakimtafuta Jirani kwenye unene wa karatasi, na kila asubuhi walikunywa kikombe alichowapitishia kwa mkono wake.

Asubuhi kidirisha kilipofunguka, mkono wenye kovu ulikuta kifuniko cha sanduku badala ya sanduku. Nyamizi alikuwa ameandika juu yake kwa maandishi ya Jirani: Mto huu ndio tunaounywa. Hatukuridhia. Chini, kwa herufi zake kubwa za darasa la saba, mama aliweka jina lake: KALUNDE.

Mkono ukasita, ukarudi ndani na kifuniko. Dakika chache, na uso ukainama kwenye uwazi, uso wa mtu mzima aliyechoka.

"Chai?" akauliza. Ndilo neno pekee la upande huu alilolijua.

Nyamizi akamjibu kwa lugha yake. Mtu yule alishtuka hadi kofia ikamdondoka. Akakimbia. Wakangoja juu ya kreti hadi jua likawa utosini, ndipo akaja mwingine, mwenye muhuri mkononi na sauti isiyopanda wala kushuka.

"Anasema mtama wao umeshakatwa, na mfereji wa kwanza umefunguliwa juzi," Nyamizi akatafsiri. "Anasema huo haufungwi tena, kwa sababu imeshaandikwa kwamba tuliridhia, na kwao kilichoandikwa hakirudishwi, hata kama kina makosa. Wa pili ulikuwa ufunguliwe kesho. Utasimama."

"Mwambie mto wa mtu hauchepushwi kwa sababu mtu amenyamaza."

Nyamizi akamwambia. Yule ofisa akasikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja. Nyamizi akachelewa kulitafsiri.

"Anauliza, kama ulikuwa unatudhuru, kwa nini hatukujibu?"

"Umemjibu nini?"

"Nimesema tulikuwa tunaijadili. Ameuliza na nani."

Kidirisha kikafungwa, taratibu.

Basi Ibondo wakabaki na nusu ya mto, na sitawapamba maneno, nusu ya mto si mto. Kuanzia wakati wa kulima maji hukatika pale kwenye mawe meupe, na watu huteremka mwendo wa saa nzima kuyafuata yalikobaki. Foleni huanza alfajiri. Nyamizi husimama humo na ndoo zake mbili kama wenzake. Hakuna aliyemtukana. Kuna siku alitamani wamtukane. Jioni huwafundisha watoto maandishi yanayoshuka kama mvua, na anawaacha wachezeshe midomo wanavyotaka.

Msimu uliofuata ikaja barua nyingine, hii kutoka Maelezoni, ya karatasi nene. Kalunde aliifungua palepale kwenye foleni, akapitisha kidole chini ya kila neno. Walikuwa wanaandaa kongamano kubwa. Mada kuu ilikuwa Ukimya wa Watu wa Ibondo: Ulikuwa Ridhaa, Hofu au Tumaini? Mabenchi yote mawili yalimwalika Nyamizi kama msemaji, na walimtengea kiti chenye mgongo.

"Wanataka jibu lini?" Kalunde akauliza.

Nyamizi akatazama chini ya barua. "Wamesema tusiharakishe, mama. Tutafakari kwanza."

Kalunde akaweka ndoo chini, akaomba kalamu kwa mtoto aliyekuwa mbele yake, akaandika nyuma ya karatasi ileile nene, hapohapo, kabla foleni haijasogea:

Njooni huku mtuulize. Kila mmoja aje na ndoo.